Bujumbura hadi Brussels: umbali haubadilikii, lakini saa hubadilika

Katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, habari ya msiba huwafikia jamaa walioko Brussels kwa dakika moja tu ya simu. Swali linalofuata halikosi kuulizwa: akiondoka leo, atawahi maziko? Kwa kuwa desturi ya Kiislamu ni kuharakisha kumzika maiti, mara nyingi jibu ni hapana.

Ukipimwa kwa njia fupi kabisa ya angani, umbali kati ya miji hiyo miwili ni takribani kilomita 6,470. Ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 850 hadi 900 kwa saa, na ukiongeza muda wa kupaa na kushuka, safari ya moja kwa moja huchukua kama saa nane.

Hata hivyo, ni nadra abiria kusafiri saa nane pekee. Ndege ikitua kwanza Kigali, umbali wa kilomita 175 hivi, hizo kilomita chache hula zaidi ya saa nzima, kwani kushusha na kupakia watu hakutegemei mwendo wa ndege. Anayepitia Addis Ababa husafiri jumla ya kilomita 7,340 hivi. Ziada hiyo inakaribia umbali wa Bujumbura hadi Nairobi, na bado hajahesabu saa za kungoja ndege ya pili.

Mwaka 1925, rubani Mbelgiji Edmond Thieffry alitoka Brussels tarehe 12 Februari akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili: siku 51, ilhali saa alizokuwa angani hazikuzidi 76. Tangu wakati huo, kungoja ndiko kunakorefusha safari.

Lipo pia suala la majira. Burundi haibadilishi saa zake. Ubelgiji husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hivyo wakati wa kiangazi cha Ulaya saa za miji hiyo hulingana, na katika miezi mingine Brussels huwa nyuma kwa saa moja. Ndege ikiondoka Bujumbura saa mbili usiku mwezi Januari, baada ya saa nane itatua Brussels saa tisa usiku kwa saa za huko, si saa kumi.

Kosa linalogharimu zaidi, kwa maoni yetu, hutokea katika kusoma tiketi. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Tiketi huhesabu tangu usiku wa manane. Ikiandikwa 08.00, maana yake ni saa mbili asubuhi. Ikiandikwa Jumanne 00.30, ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne, na abiria anapaswa kuwa uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye Jumatatu jioni. Atakayefika Jumanne usiku atakuta ndege imeondoka tangu jana yake.