Maumivu ya Tumbo ya Ghafula: Haluli si Dawa Yake

Watu wengi, tumbo likiwashika ghafula, hudhani wamefunga choo tu, wakakimbilia haluli. Pengine haluli hiyo ndiyo iletayo mauti.

Upande wa kuume wa tumbo, chini, pana kijitawi chembamba cha utumbo kiitwacho kidole tumbo. Kikizibika huvimba na kufanya usaha. Aghalabu maumivu huanza karibu na kitovu; baada ya saa kadhaa huhamia upande wa kuume, yakazidi mtu atembeapo au akohoapo. Chakula humchukiza, hutapika, na homa humshika. Haluli huusukuma utumbo kwa nguvu, na kidole kilichovimba huweza kupasuka, usaha ukaenea tumboni. Maumivu yakipoa ghafula, kisha tumbo likawa gumu kama ubao, hiyo si nafuu. Ni hatari iliyozidi.

Ugonjwa huu hauchagui mkubwa wala mdogo. Mwaka 1902 ulimpata Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, siku zake za kutawazwa zilipokaribia. Sherehe ikaahirishwa, tarehe 24 Juni akapasuliwa, usaha ukatolewa, na tarehe 9 Agosti akavikwa taji.

Basi, mgonjwa wa namna hii asipewe chakula wala haluli, wala tumbo lake lisikandwe. Apelekwe hospitali upesi, hata ikiwa ni usiku wa manane. Shamba litangoja, na kazi ya ofisini itangoja. Kidole tumbo hakingoji.