Maji ya Nanyamba: Pampu Peke Yake Haitoshi



Mradi wa maji unapokwama, wengi huuliza pampu mpya itagharimu kiasi gani. Huko Nanyamba, mkoani Mtwara, swali zito zaidi ni jingine: nani atalipia uendeshaji, na atalipa mwezi gani?

Tulikotoka

Nanyamba iko kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Udongo wa kichanga hunywa mvua upesi, na maji ya ardhini yako mbali sana. Ndiyo maana maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na kila ndoo ina gharama yake ya umeme au mafuta.

Katika miaka ya 1950 Shirika la Maji la Makonde liliwauzia wananchi maji. Baada ya Uhuru, maji vijijini yakawa bure, na mwaka 1971 Serikali ilipanga kila mwanakijiji awe na maji karibu ifikapo 1991. Finland ilisaidia Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vituo vingi vilijengwa, lakini matengenezo yalitegemea fedha kutoka nje ya kijiji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwakabidhi wananchi umiliki pamoja na gharama za uendeshaji.

Korosho na mvua

Hapa ndipo penye ugumu. Fedha za Nanyamba hutokana zaidi na korosho, zinazouzwa kuanzia Oktoba hivi hadi Januari. Mahitaji ya maji ya bomba huwa makubwa mwishoni mwa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, wakati fedha za msimu uliopita zimekwisha. Korosho zikilipwa, mvua nazo zimekaribia, na wenye mapaa ya bati hukinga maji nyumbani. Mchango wa kiasi kilekile kila mwezi haulingani na maisha haya.

Sera ya 2002 ilitaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku. Hizo ni ndoo 312 za lita 20. Tuseme ndoo ni shilingi 50: kiangazi kituo kitaingiza shilingi 15,600 kwa siku. Masika, wateja wakibaki mmoja kati ya watano, ni kama shilingi 3,100 tu. Kamati isiyoweka akiba kiangazi haitakuwa na fedha za fundi masika.

Nani anabeba mzigo

Mwenye bati na kisima cha saruji anaweza kuona bomba la kijiji halimhusu. Mwenye paa la nyasi hana njia nyingine. Wanaochota ni akina mama na watoto, ilhali fedha za korosho mara nyingi huwa mikononi mwa baba. Na hesabu zisiposomwa hadharani, hata mwenye uwezo hugoma kuchangia.

Tunachoshauri

1. Walipe kwa ndoo, na kila kaya itoe mchango mmoja wa mwaka wakati wa malipo ya korosho.
2. Akina mama washike nafasi zenye uamuzi, hasa uweka hazina.
3. Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka.
4. Wazee, wagonjwa na wasiojiweza wasamehewe kwa uamuzi wa kijiji, majina yao yakijulikana.
5. Kamati za parokia zisiunde mfuko wa waumini peke yao. Nanyamba majirani wengi ni Waislamu, na bomba ni la wote.

Mwaka 2022 Serikali ilisaini mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India, na Makonde imo. Mabomba mapya ni neema. Lakini ndugu wafadhili, kabla ya kununua pampu nyingine, ombeni kwanza kuona daftari la mfuko wa maji.