Kupunguza Uzito: Ubora wa Chakula Utangulie Hesabu ya Kalori

Mwananchi wa Musoma, Bunda au Butiama anayeamua kupunguza uzito hukutana na ushauri wa aina mbili unaoonekana kupingana. Wa kwanza humtaka ahesabu kalori za kila anachokula na kuhakikisha hazizidi kiwango alichojiwekea. Wa pili humwambia aachane na hesabu, achague chakula bora, na mwili utajirekebisha wenyewe. Kila ushauri una ukweli ndani yake. Hata hivyo, anayeshika mmoja na kuutupa mwingine anaweza kujinyima chakula bila kupungua, au kupungua huku akipoteza afya aliyokuwa akiitafuta.

Suala hili si la mwonekano wa mwili peke yake. Uzito uliozidi na kiribatumbo huongeza hatari ya kupata shinikizo la juu la damu, kisukari cha aina ya pili, magonjwa ya moyo, kiharusi na baadhi ya saratani. Tafiti za kitaifa zinaonesha kuwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 28 mwaka 2015/16, na mwaka 2018 walifikia asilimia 31.7. Wakati huohuo, udumavu kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulipungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, kiwango ambacho bado ni kikubwa.

Takwimu hizo mbili zinaweza kukutana katika nyumba moja: mzazi mwenye uzito uliozidi na mtoto aliyedumaa, wote wakila kutoka sufuria moja. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mzazi kuhusu mlo wake unagusa pia sahani ya mtoto.

Kalori ni nini

Kalori ni kipimo cha nishati ambayo mwili huipata kutoka kwenye chakula. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa kemia wa Marekani, Wilbur Atwater, alisaidia kuweka viwango ambavyo bado vinatumika: gramu 1 ya wanga hutoa takribani kalori 4, gramu 1 ya protini kalori 4, na gramu 1 ya mafuta kalori 9. Gramu 1 ya kilevi hutoa kalori 7. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu kilichoifanya hesabu hiyo kuwa njia maarufu ya kupunguza uzito.

Kanuni ya msingi haina ubishi. Mtu akiingiza nishati nyingi kuliko anayoitumia, ziada huhifadhiwa mwilini kwa sehemu kubwa kama mafuta. Akiingiza pungufu kwa muda mrefu, mwili hutumia akiba hiyo na uzito hupungua. Hakuna chakula, hata kiwe bora namna gani, kinachoifuta kanuni hii.

Hesabu hiyo pia husaidia kufichua nishati isiyoonekana. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120. Mpishi anayemimina vijiko vinne katika mboga ya watu wanne amemwongezea kila mlaji kalori 120, ambazo aghalabu huzidi zile za mchicha wenyewe. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takribani kalori 150, karibu zote zikitokana na sukari. Gramu 100 za viazi mviringo vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90, lakini zikiwa chipsi hukaribia 300. Anayejua tarakimu hizi anajua pa kuanzia.

Mahali hesabu inapokwama

Tanzania ina jedwali lake la viinilishe vilivyomo katika vyakula, lililotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard. Hivyo, tarakimu za vyakula vya Watanzania zipo. Ugumu unajitokeza mezani.

Familia nyingi hula ugali kutoka sahani moja kubwa, kila mmoja akikata tonge kwa mkono. Si rahisi mlaji kujua amekula gramu ngapi. Ugali mgumu na ugali laini wa unga uleule hutofautiana kwa kiasi cha maji, na hivyo hutofautiana kwa nishati katika kila tonge. Mchuzi wa dagaa uliopikwa nyumbani hauna kibandiko cha kueleza mafuta yaliyotumika. Matokeo yake ni kwamba anayehesabu huishia kukisia, na kosa dogo linalorudiwa kila siku hufuta upungufu aliodhani ameupata.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba tarakimu ya kalori haisemi chakula kina nini. Mfano ulio karibu ni unga wa mahindi. Gramu 100 za unga wa sembe na gramu 100 za unga wa dona zina nishati inayokaribiana, takribani kalori 360. Katika daftari la hesabu ni kitu kimoja. Mwilini ni vitu viwili, kwa kuwa sembe imekobolewa na kupoteza pumba na kiini cha punje, pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini na madini. Dona imebaki navyo.

Vivyo hivyo, mtu anaweza kubaki ndani ya kiwango chake cha kalori kwa kunywa soda mbili na kula maandazi, kisha akakosa protini, madini ya chuma na vitamini. Mizani itasoma chini, lakini sehemu ya uzito uliopotea itakuwa misuli, na njaa itamfuata mchana kutwa.

Ubora unavyotawala kiasi

Sababu ya kutanguliza ubora ni kwamba aina ya chakula huamua mtu atakula kiasi gani kabla ya kushiba. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwaweka watu wazima 20 katika kituo cha utafiti kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili vyakula ambavyo havijasindikwa hivyo. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na washiriki waliruhusiwa kula walivyotaka.

Walipokuwa kwenye vyakula vilivyosindikwa sana, walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka uzito wa karibu kilo 0.9. Walipokuwa kwenye vyakula vya upande wa pili, walipungua kwa kiasi hichohicho. Hakuna aliyeambiwa ahesabu.

Mwaka 2018 utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Stanford, ulioongozwa na Christopher Gardner, ulifuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine lilipunguza wanga. Makundi yote mawili yalihimizwa kula mboga kwa wingi, kuepuka sukari na nafaka zilizokobolewa, na hayakupewa kikomo cha kalori. Kwa wastani kundi la kwanza lilipungua kilo 5.3 na la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Makundi hayo pia yalipunguza kalori walizokula, bila kuelekezwa kuzihesabu.

Maelezo ya kitaalamu yanaeleweka. Protini hushibisha kwa muda mrefu. Nyuzinyuzi hujaza tumbo na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Chakula kinachohitaji kutafunwa huliwa polepole, na hivyo ubongo hupata muda wa kupokea taarifa ya shibe. Vinywaji vyenye sukari havina faida hizo. Nishati yake huingia bila kupunguza njaa ya mlo unaofuata.

Chakula kilichopo Mara

Habari njema kwa wakazi wa wilaya hizi ni kwamba chakula bora hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Ziwa Victoria hutoa sato, sangara na dagaa. Mashamba hutoa mtama, ulezi, mahindi, viazi vitamu, kunde na karanga. Mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, mgagani na mlenda ni mboga zinazofahamika, na wafugaji wana maziwa. Vyakula hivyo vinatosha kujaza makundi sita yanayotajwa na wataalamu wa lishe nchini: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya.

Kinachohitaji kuangaliwa ni mapishi na uwiano. Sato wa kuchemsha au kuchoma ni chakula chenye protini nyingi na nishati kidogo; akizamishwa kwenye mafuta ya moto, nishati huongezeka sana. Ugali wa muhogo hutoa wanga kwa wingi na protini kidogo mno, hivyo unahitaji dagaa, maharage au maziwa pembeni. Maziwa mgando yasiyotiwa sukari ni kinywaji bora kuliko soda.

Aidha, neno "asili" lisitumike kama kibali cha kula bila kiasi. Gramu 100 za karanga zina zaidi ya kalori 550. Asali, ingawa ni ya asili, ni sukari kwa sehemu kubwa. Ugali wa dona ukiliwa kupita mahitaji huongeza uzito kama ugali wa sembe.

Kwa asiyependa daftari la hesabu, ipo njia nyepesi ya kudhibiti kiasi. Sahani igawanywe kwa macho: nusu iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali, wali, viazi au ndizi, na robo iwe samaki, dagaa, nyama, mayai au maharage. Mlaji apakue chakula chake kwenye sahani yake badala ya kula kutoka sinia, na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na takribani vijiko vidogo 12 kwa anayehitaji kalori 2,000, na ikiwezekana ipungue hadi vijiko 6. Chai tatu zenye vijiko vitatu vitatu tayari zimefika vijiko 9.

Lishe iende sambamba na mazoezi. Shirika hilo linapendekeza angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki. Kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku tano, badala ya kupanda bodaboda kwa safari fupi, hutimiza kiwango hicho.

Kupima na kuchukua tahadhari

Kabla ya kuanza, mwananchi anapaswa kujua kama kweli ana uzito uliozidi. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Matokeo ya 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, mipaka hiyo ni kilo 64 na karibu kilo 77.

Lengo la awali liwe dogo. Kupungua asilimia 5 tu, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, huanza kuleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari. Mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki unatosha. Vinywaji vinavyotangazwa kuwa vinasafisha tumbo, vikisababisha kuharisha, huondoa maji na si mafuta, na uzito hurudi mtu anapokunywa maji.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hawapaswi kuanza kupunguza chakula bila ushauri wa mtaalamu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au insulini anaweza kushuka sukari kwa hatari akipunguza mlo ghafla. Kwake, hesabu ya wanga ni sehemu ya tiba na hupangwa pamoja na mtoa huduma wake.

Mwananchi anayehitaji kupimwa au kushauriwa anahimizwa kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye, au kumwona Afisa Lishe wa Halmashauri yake. Afike akiwa na kumbukumbu ya alichokula na kunywa kwa siku tatu, pamoja na mafuta na sukari iliyotumika. Kwa kumbukumbu hiyo, mtaalamu ataweza kumwonesha ni kipi kibadilishwe kwanza bila kuipunguzia familia chakula inachokihitaji.