Masaa Manne kwa Siku Ndani ya Kibanda

Vikundi vingi husema vinataka kuandika hadithi za wazee ili watoto wasizikose. Halafu mambo yanaishia hapo hapo kwenye kumbukumbu za mkutano. Ati hatuna nafasi, hatuna ofisi, hatukusoma sana. Basi tumeona tueleze jinsi mtunzi mmoja wa hadithi za watoto, tena mwenye sifa dunia nzima, alivyokuwa akipitisha siku yake.

Huyu ni Roald Dahl, aliyezaliwa Wales, Uingereza, mwaka 1916 na kufa mwaka 1990. Huku kwetu hakuwa mgeni kabisa. Mwaka 1938 alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliendesha gari mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka uliofuata ndege yake ilianguka jangwani Afrika Kaskazini, na mgongo ukamsumbua maisha yake yote.

Baadaye aliishi katika kijiji cha Great Missenden. Wengi wetu tungedhani mtu kama huyo anaandikia katika chumba kikubwa chenye meza ya kung'aa. Kumbe alikuwa na kibanda kidogo bustanini. Ndani yake mlikuwa na kiti kikuukuu cha mamake, nacho alikikata tundu nyuma ili mgongo usiumie. Meza hakuwa nayo. Aliweka ubao juu ya mikono ya kiti. Alichonga penseli sita, akachukua karatasi zake za manjano, akafunga pazia. Aliingia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri, akarudi saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Hivyo hivyo siku baada ya siku, kama mtu anayekwenda shambani. Hakungoja kujisikia.

Wazo lilipomjia aliliandika mara moja katika daftari la shule, kwa sababu wazo hupotea upesi kama ndoto. Siku moja lilimjia akiwa safarini, hana kalamu. Alisimamisha gari, akashuka, akaandika kwa kidole neno moja, lifti, kwenye vumbi la nyuma ya gari. Neno hilo likatosha kumkumbusha hadithi nzima. Nasi vumbi tunalo la kutosha!

Kazi kubwa ilikuwa kurudia. Kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti, kilichotoka mwaka 1964, kina watoto watano wanaozuru kiwanda. Katika maandishi ya kwanza walikuwa wengi zaidi. Aliwapunguza, akaandika tena na tena. Hapa ndipo wengi wetu huchoka, tukidhani ukiandika mara moja umemaliza.

Si kwamba nyumbani mambo yalikuwa mazuri daima. Mwaka 1962 binti yake Olivia, mwenye miaka 7, alikufa kwa surua iliyopanda kwenye ubongo. Chanjo ya surua ilikuwa bado haijaanza kutolewa Uingereza. Mwaka 1982 alitoa kitabu cha jitu jema kwa jina la Olivia, na mwaka 1986 akawaandikia wazazi akiwasihi wachanje watoto. Huku kwetu chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Akina mama, msikose ile ya pili.

Jioni aliwasimulia watoto wake hadithi kitandani, na baadhi ya vitabu vyake vilianzia hapo. Hilo kikundi chochote kinaweza. Mzee asimulie, karani aandike kwa maneno yale yale ya mzee, kisha juma linalofuata mtu awasomee watoto. Wasomapo, tazameni ni wapi watoto wanaanza kuchezea vidole na kuangalia mlango. Sehemu hiyo ndiyo ya kuandikwa upya.