Shamba Lako, Dhahabu Si Yako

Likizo iliyopita nilienda kwa baba mdogo, kijijini upande wa Geita. Lile shamba la mihogo ambalo tukiwa wadogo tulikuwa tunafukuzana humo na tumbili, sasa limejaa maduara. Dhahabu ilionekana, rashi ikaja, na kabla ukoo haujakaa kikao akatokea bwana mmoja ana leseni mkononi. Mthamini akapita, akahesabu mihogo, akahesabu miembe minne, fidia ikatoka. Jioni ile baba mdogo akaniuliza: "Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Mihogo nimelipwa. Sasa dhahabu ilikuwa ya nani?"

Nipo mwaka wa pili, na sikuwa na jibu. Nikacheka cheka tu, nikabadilisha mada. Lakini niliporudi Mwanza swali lile halikuniacha, nikaanza kufukua. Nilichokuta ni kwamba jibu lilishaandikwa kabla babu yetu hajazaliwa.

Tuanze na Wajerumani. Vitabu vinasema dhahabu ya Geita "iligunduliwa" na Mjerumani mwaka 1898. Neno hilo liangalie vizuri. Kwa sheria ya madini, mgunduzi si yule aliyeliona jiwe likimetameta wakati analima. Mgunduzi ni yule aliyesimika alama yake, akaenda ofisini, akaandikisha. Mwaka 1906 Ujerumani ilitoa sheria ya madini kwa makoloni yake ya Afrika, na kiini chake kilikuwa kutenganisha vitu viwili ambavyo mkulima yeyote wa huku angeviona ni kimoja: ardhi na kilichomo ndani yake. Unaweza kuwa na shamba. Madini hayamo katika umiliki huo. (Mgodi wao wa kwanza mkubwa ulifunguliwa Sekenke, kule Singida, mwaka 1909. Dhahabu ya Sekenke ndiyo waliyotengenezea sarafu za Tabora mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo, walipokuwa wamebanwa na vita.)

Waingereza walipochukua nchi hawakuufuta mgawanyo ule, waliukaza. Sheria yao ya Madini ya 1929 iliyaweka madini yote mikononi mwa serikali ya kikoloni, halafu ikajenga ngazi. Kwanza unaomba haki ya kutafuta. Ukipata kitu, unapiga vigingi kwenye pembe za eneo, unakwenda kuandikisha kitalu. Ukiwa na mtaji, unaomba kukodishiwa eneo kubwa kwa miaka mingi. Aliyewahi kupiga kigingi na kuandikisha ndiye mwenye haki, na aliyechelewa, hata kama kaburi la baba yake lipo pale, amechelewa.

Ukiisoma haraka unaona ni sheria ya haki kabisa: foleni, wa kwanza ahudumiwe kwanza. Ila foleni ina mlango. Sheria imeandikwa Kiingereza, ofisi ipo bomani, ada inalipwa kwa fedha taslimu, na eneo lazima ulieleze kwa vipimo. Hata kama utaratibu wa namna hii hautaji rangi ya mtu, wenyewe unachagua nani aingie. Ndiyo maana kwenye migodi ya miaka ya 1930 Waafrika walio wengi waliingia wakiwa vibarua, wenye majembe na sururu, na majina kwenye hati yakawa ya wengine.

Miaka hiyo ya 1930 ndipo dhahabu ilipopamba moto. Septemba 1931 Uingereza ilitenga fedha yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mawe ambayo jana hayakulipa hata gharama ya kuyasaga, leo yanalipa. Migodi ikafufuka kuzunguka ziwa, Geita na Kiabakari ikiwemo. Ule wa Geita uliendelea hadi 1966.

Lakini mfano ulionifumbua macho zaidi uko ng'ambo kidogo, Kakamega, Kenya. Huko mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi ya wenyeji. Ilisema kipande kikitolewa kwenye hifadhi yao kwa matumizi ya umma, wapewe kipande kingine chenye ukubwa uleule, na baraza lao lishirikishwe. Ikatangazwa kuwa ardhi ile ni yao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, Wazungu wakamiminika na mahema yao. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: si lazima kutoa ardhi mbadala, fedha inatosha, na baraza si lazima liulizwe. Milele ilidumu miaka miwili! Hata Uingereza kwenyewe walizozana bungeni juu ya jambo hilo, lakini vigingi vilikuwa vimeshasimama.

Baada ya Kakamega niliielewa vizuri ile miembe minne. Fidia inapima ulichopanda juu. Chini hapapimwi, kwa sababu kisheria chini hapakuwahi kuwa pako.

Mlango mwingine ulikuwa sokoni. Mwaka 1933 Kenya ilipitisha sheria ya biashara ya madini ya thamani ambayo hayajafuliwa. Kununua kulitaka leseni, na mnunuzi alitakiwa kuwa na daftari. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia wizi migodini, na ni kweli wizi ulikuwepo. Ila fikiria kibarua aliyeokota punje zake mtoni. Hana kitalu, kwa hiyo hawezi kueleza alikozipata. Hawezi kueleza, kwa hiyo hawezi kuuza kihalali. Atauza gizani, kwa bei ya gizani. Yeyote aliyewahi kukaa mialoni akamsikiliza broka akipanga bei anajua naongelea nini.

Sheria ya 1929 iliishi mpaka 1979, yaani miaka 18 baada ya uhuru. Zilizofuata, ya 1979, ya 1998, ya 2010 na marekebisho ya 2017, zilibadilisha mengi, na si haki kusema hakuna kitu. Leo madini ni mali ya wananchi, Rais ameyashika kwa niaba yao. Leseni ndogo ya uchimbaji, ile PML, ni kwa ajili ya Watanzania. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, mchimbaji mdogo anaweza kupima mzigo wake mezani, bei ikiwa ubaoni. Hilo si dogo.

Ila foleni ni ileile. Kigingi kimegeuka kuwa namba za ramani, na boma limegeuka kuwa mtandao, lakini anayewahi kuomba bado ndiye mwenye haki. Shamba la baba mdogo liliombwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, mbali kabisa na kijiji.

Kuna kifungu kimoja ambacho laiti ningekijua mapema. Mwenye leseni anahitaji ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuingia penye nyumba au mazao. Serikali inaweza kuingilia ukikataa bila sababu ya msingi, sawa, lakini mpaka hapo una la kusema: mgao wa viroba, ajira za vijana, makaburi yasiguswe. Baba mdogo aliletewa karatasi, akaambiwa asaini ili mthamini aanze kazi. Akasaini. Ile ndiyo ilikuwa ridhaa yenyewe.

Nilimpigia simu nikamweleza yote haya. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akauliza kama lile shamba la bondeni, la bibi, nalo limeshaombwa. Nikafungua ramani ya leseni mtandaoni, nikasogeza, nikasogeza, nikafika bondeni. Palikuwa peupe. Kesho yake akapanda basi kuja mjini na kitambulisho chake cha taifa na hela ya ada amefunga kwenye leso.