Misuli au uigizaji: Kwa nini Hollywood haimpi kila mwanamichezo nafasi ya shujaa?

Mwaka 1997, filamu ya Batman & Robin ilihitaji mtu wa kucheza Bane, adui mwenye nguvu za kupindukia. Nafasi ikaenda kwa Jeep Swenson, mwanamieleka wa miraba minne.

Miaka 15 baadaye Bane alirudi kwenye The Dark Knight Rises. Safari hii alichezwa na Tom Hardy, aliyesomea uigizaji katika chuo cha Drama Centre London.

Kwa ukubwa wa mwili, Hardy hamfikii Swenson. Ila Bane wa 1997 karibu hakupewa maneno. Alibaki kuguna na kuvunja vitu. Bane wa 2012 aliongea, akatisha watu na kuteka mji mzima, huku nusu ya uso wake ikiwa ndani ya kinyago. Hardy alibakiwa na macho na sauti tu, na vikatosha.

Tofauti hiyo inaeleza namna waandaaji wa filamu za mashujaa wanavyopiga hesabu zao.

Mwili unatengenezeka

Mfano wa zamani ni Superman ya 1978. Miongoni mwa waliofanya usaili wa nafasi hiyo alikuwemo bingwa wa dekathloni wa Olimpiki ya 1976, anayefahamika leo kama Caitlyn Jenner. Lakini aliyepita ni Christopher Reeve, kijana mrefu na mwembamba aliyekuwa amesoma uigizaji katika shule ya Juilliard, New York.

Wembamba wake ulikuwa tatizo. Likatolewa wazo avae nguo yenye misuli ya bandia, akakataa. Akakabidhiwa kwa David Prowse, bingwa wa zamani wa kunyanyua vyuma Uingereza, na baada ya muda wa vyuma na msosi wa kutosha akajaa.

Kitu ambacho gym isingempa ni kingine. Reeve alicheza watu wawili kwa mwili mmoja. Akiwa Clark Kent anainamisha mabega na sauti yake inasitasita. Akiwa Superman anasimama wima na sauti inatulia. Mtazamaji anakubali kwamba wenzake kazini hawamtambui, ingawa kilichoongezeka ni miwani tu.

Cha kushangaza, Prowse mwenyewe ndiye aliyevaa vazi jeusi la Darth Vader kwenye Star Wars ya 1977. Mwili ulikuwa wake, lakini sauti inayosikika ni ya James Earl Jones, mwigizaji aliyekomaa jukwaani.

Kuruka na kuanguka kuna wenyewe

Sababu ya pili ni kwamba ustadi wa mwanamichezo unaweza kukodiwa. Chris Hemsworth anapocheza Thor, matukio mengi ya hatari hufanywa na Bobby Holland Hanton, Mwingereza aliyetokea kwenye jimnastiki.

Kampuni za bima nazo zina neno. Steringi akivunjika mguu, kazi nzima inasimama na mamia ya watu wanakaa wakisubiri. Kwa hiyo hata mwigizaji anayeweza kuruka mwenyewe mara nyingi huzuiwa.

Kamera inaweza kumficha anayeanguka. Haiwezi kumficha anayelia, anayedanganya au anayeogopa, kwa sababu hapo inasogea mpaka usoni.

Wapi wanamichezo wanafeli, wapi wanatoboa?

Shaquille O'Neal alikuwa staa mkubwa wa kikapu alipopewa nafasi kuu kwenye Steel mwaka 1997. Filamu iligharimu takriban dola milioni 16 na kuingiza chini ya milioni 2. Hadithi yenyewe ilikuwa dhaifu, hivyo lawama zote si zake, ila jina na kimo havikuiokoa.

Njia moja iliyofanya kazi ni kugawa jukumu. Kwenye tamthilia ya The Incredible Hulk iliyokwisha 1982, mtunisha misuli Lou Ferrigno alikuwa lile jitu la kijani lisilozungumza. Mazungumzo na machungu ya binadamu aliachiwa mwigizaji Bill Bixby.

Njia nyingine ni mwanamichezo kukubali kuanza upya darasani. Dave Bautista aliacha WWE mwaka 2010, na mwenyewe amesimulia jinsi pesa zilivyomwishia baada ya hapo. Alichukua masomo ya uigizaji, kisha akapata nafasi ya Drax kwenye Guardians of the Galaxy ya 2014. Drax haelewi mafumbo, kila kitu anakichukua kama kilivyosemwa. Ucheshi wa namna hiyo unataka sura iliyotulia na kujua lini unyamaze. Baadaye jamaa akaonekana kwenye Blade Runner 2049 na Dune, kazi ambazo hazikumtaka abebe watu juu juu.

John Cena naye aling'ara kama Peacemaker kuanzia 2021. Si bahati tu kwamba wengi wanaotoboa wanatoka kwenye mieleka. Ile ya WWE tayari ni maigizo: unashika maikrofoni, unacheza mwema au mbaya, na ukumbi unakujibu papo hapo. Mcheza kikapu hana mazoezi ya aina hiyo.

Hata hivyo umaarufu una mipaka. Black Adam ya Dwayne Johnson iliingiza karibu dola milioni 393 duniani mwaka 2022, na bado mipango ya kumwendeleza mhusika huyo iliwekwa kando.

Wakanda ilichanganya

Black Panther ya 2018 ilitumia vyote viwili. Mkenya Lupita Nyong'o na Winston Duke, aliyecheza M'Baku, wote walisomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, kisha wakaingia kambini kujifunza kupigana. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alikuwa miongoni mwa walinzi wa Dora Milaje. Kwenye kikosi hicho walikuwemo pia wanawake ambao kazi yao ni kucheza matukio ya hatari.

Kwa miaka mingi watu wa kundi hilo wamekuwa wakiumia bila kujulikana. Hilo linaanza kubadilika. Waandaaji wa Oscar wametangaza tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari, itakayotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028 kwa filamu za 2027.

Hivyo kwa mwanamichezo anayeitamani Hollywood, milango iko miwili. Mmoja ni wa matukio ya hatari, ambako mwili wake ni cheti tosha cha kuanzia. Mwingine ni wa kuongea mbele ya kamera, na huko hata Bautista alipita darasani kwanza.