Lugha Iliyoishi Bila Jina

Huku kwetu mtu akisema Kimvita au Kiamu, ajua asemacho, na amsikiaye ajua ni usemi wa wapi. Lakini iko lugha Ulaya ambayo wenyewe waliisema karne nyingi pasi na kuwa na jina moja la kuiita. Siku hizi yaitwa Kiarpitan.

Hii ni lugha ya milima ya Alps na nchi za kando yake, pale zikutanapo Ufaransa, Uswisi na Italia: Lyon, Savoie, Geneva, Fribourg, Valais na bonde la Aosta. Ni mtoto wa Kilatini na ndugu wa Kifaransa, wala si Kifaransa kilichoharibika kama wenyeji walivyoaminishwa. Kila bonde lilikuwa na usemi wake, na mtu alipoulizwa asema lugha gani alijibu “patois”, neno la Kifaransa la kudharau usemi wa watu wa shamba. Mwaka 1873 ndipo mtaalamu wa Kiitalia, Graziadio Ascoli, alipoipambanua kuwa lugha mbali. Naye akaiita kwa majina ya jirani zake wawili, Kifaransa na Kiprovansali, mfano wa yatima aitwaye kwa jina la wamleao. Hilo la Arpitan, litokanalo na neno la malisho ya mlimani, lilizuka katika miaka ya 1970 tu.

Kisa ni kuwa lugha hii haikupata dola ya kuisimamia. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1602, askari wa mtawala wa Savoie waliegemeza ngazi kwenye ukuta wa Geneva ili wauteke mji ukiwa usingizini. Wakashindwa. Hekaya yasema bibi mmoja aliwamwagia chungu cha supu ya moto kutoka dirishani. Ushindi huo ukatungiwa wimbo wa beti 68, na lugha yake ni Kiarpitan.

Linalonistaajabisha ni kwamba raia wa Savoie na raia wa Geneva walikuwa na lugha moja ya nyumbani, ila wakubwa wao waliandika nyingine. Geneva, Calvin alihubiri kwa Kifaransa. Aosta, amri ya mwaka 1561 ilikifanya Kifaransa kuwa lugha ya ofisi. Lugha ya mama ikabaki jikoni na malishoni. Hadi leo watu wa Geneva huimba beti chache za wimbo ule kila Desemba, na wengi hawaelewi waimbalo. Tusiwacheke. Ni vijana wangapi wa Mombasa wafahamuo maneno ya Hamziya bila ya kufasiriwa?

Kisha zikaja shule. Jimbo la Vaud, huko Uswisi, lilipiga marufuku patois madarasani mwaka 1806. Aosta nako, serikali ya Mussolini ilifikia hadi kugeuza majina ya miji yawe ya Kiitalia. Courmayeur ukawa Cormaiore.

Aosta ndiko alikozaliwa Jean-Baptiste Cerlogne, mwaka 1826. Utotoni alikwenda Marseille kusafisha mabomba ya moshi. Aliporudi alifanya kazi jikoni, akasoma, akawa padri. Mwaka 1855 alitunga shairi refu kwa lugha ya kwao, baadaye akaandika sarufi na kamusi yake. Nimsomapo humkumbuka marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeyakusanya maneno ya kale ya Kiamu na ya bahari kabla wazee hawajaondoka nayo.

Italia iliitambua lugha hii kwa sheria ya mwaka 1999, na watoto wa shule za Aosta hushindana kwa jina la Cerlogne. Kwingi, aisemaye vyema aghalabu ni mzee. Lakini katika kijiji cha Evolène, juu kwenye milima ya Valais, bado wapo watoto walioipata kwa wazazi wao, nyumbani, kabla ya kwenda shule.